Tukae Wapi Karibu na Majabali ya Hell's Gate?

Hotuba ya kamati ndogo ya fedha kwa wanachama na marafiki wa chama, siku ya harambee ya mwaka



Tunasimama mbele yenu kama kamati ndogo ya fedha. Wengi wetu katika kamati hii tulizaliwa kandokando ya Ziwa Naivasha, tukasomea huku, kisha kazi ikatuchukua mjini. Tunashika vitabu vya hesabu vya watu wengine kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na mkatuamini tushike na cha nyumbani. Mkutano mkuu uliopita ulitupa kazi moja. Vijana wetu wanaoelekeza wageni wanaokuja kupanda miamba ya Hell's Gate waliomba chama kiwajengee makao. Wanachama wengine nao, hasa mlio mbali, mmekuwa mkituuliza kama mnunue ploti karibu na jabali. Mlituambia tutazame jambo hilo kwa macho ya mhasibu, tuje tuwaambie: tukae wapi, tujenge wapi, na kwa nini.

Tumetembea, tumeuliza, tumepiga hesabu. Leo tunaleta majibu, na mwishoni tutawaomba mfungue mikoba.

Jabali lenyewe

Tuanze na mali tuliyo nayo. Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate ilitangazwa mwaka 1984. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 68, dogo ukililinganisha na hifadhi nyingine za nchi yetu. Lakini ina jambo ambalo hifadhi nyingi hazina: mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu, kuendesha baiskeli, na kupanda miamba akiwa na mwelekezi.

Ukiingia kwa lango la Elsa, mwendo mfupi tu unaliona jiwe la Fischer likiwa limesimama peke yake, urefu wake kama mita 25. Ni kiini cha volkano ya kale: lava iliganda ndani ya koo la mlima, kisha udongo wa pembeni ukamomonyoka, jiwe likabaki. Lilipewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyepita hapa mwaka 1883. Wamaasai wana simulizi yao ya zamani zaidi, kwamba ni binti aliyegeuka jiwe alipotazama nyuma akiwa njiani kwenda kuolewa. Mbele yake kuna kuta ndefu nyekundu za miamba, na mbele zaidi kuna korongo ambalo maji ya ziwa la kale, lililokuwa kubwa kuliko hili la leo, yalipitia yakitoka.

Watu wamekuwa wakipanda kuta hizi kwa kamba tangu zamani. Mountain Club of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1949, ina kumbukumbu ya njia nyingi za kupandia huko. Siku hizi wanakuja wanafunzi wa vyuo, vikundi vya makanisa, wafanyakazi wa ofisi za Nairobi na wageni wa nje. Nairobi si mbali, chini ya kilomita mia moja, kwa hiyo wengi huja asubuhi na kurudi jioni. Wengine hulala. Na huyo anayelala ndiye anayeacha pesa kijijini.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali letu ni hili: mwenyeji huyo anakaa wapi?

Sehemu nne tulizozitazama

Mtu anayetaka kukaa karibu na jabali ana sehemu nne za kuchagua, na sote tunazijua.

Ya kwanza ni karibu kabisa na lango, kwenye ile njia ya kama kilomita mbili inayotoka barabara ya Moi South Lake kupanda hadi lango la Elsa, pamoja na vituo vya jirani kama Kwa Muhia na Kamere. Kijana akiamka, anafika kazini kwa miguu.

Ya pili ni ufukweni, upande wa chini wa barabara. Ni pazuri kwa macho. Mgeni anapenda kuona maji, na muuzaji wa ploti analijua hilo.

Ya tatu ni sehemu za juu kidogo upande wa Karagita na Mirera, ambako watu ni wengi, kuna maduka, shule, na matatu zinapita tangu alfajiri hadi usiku.

Ya nne ni Naivasha mjini, ambako kuna benki, soko, hospitali na barabara kuu, ila mwelekezi anapanda matatu kila siku ya kazi.

Ukiuliza kijana wa miaka 20, atachagua ya kwanza. Ukiuliza ndugu yetu aliye Dubai anayetumiwa picha za ploti kwa simu, atachagua ya pili. Sisi tumechagua tofauti, na tunaomba mtusikilize hadi mwisho kabla hamjapiga makofi au miluzi.

Kodi hailali, nauli hulala

Tuanze na mfano. Takwimu hizi ni za kuelewesha tu, kila mtu aweke zake.

Kijana wa kwanza amepanga chumba karibu na lango kwa Sh5,000 kwa mwezi. Hana nauli. Kijana wa pili amepanga mbali kidogo kwa Sh3,000, na analipa nauli Sh100 kwenda na Sh100 kurudi. Akifanya kazi siku 22 kwa mwezi, nauli inakuwa Sh4,400, jumla Sh7,400. Mtu atasema papo hapo: wa kwanza ameshinda kwa Sh2,400.

Sasa tuingize maji. Wa kwanza hana mfereji, ananunua mitungi minne kwa siku, Sh20 kila mtungi. Kwa siku 30 ni Sh2,400. Wamekuwa sawa. Wa kwanza akiwa na mtoto anayepanda gari kwenda shule, Sh50 kwenda na Sh50 kurudi, kwa siku 20 za masomo anaongeza Sh2,000. Sasa aliye karibu na jabali anatumia Sh9,400, na aliye mbali ambaye mtoto wake anatembea hadi shuleni bado yuko Sh7,400.

Lakini jambo kubwa zaidi liko hapa. Je, mwelekezi wa miamba anafanya kazi siku 22 kila mwezi? Wenyewe mko hapa, mseme. Wageni hujaa wikendi, likizo za shule na Desemba. Mvua za masika zikianza, kuanzia Machi hadi Mei, jiwe linalowa, na jiwe lililolowa halipandiki kwa usalama. Vuli ni vilevile. Tuseme katika mwezi mbaya kijana anapata siku nane tu. Nauli ya aliye mbali inashuka hadi Sh1,600, jumla yake Sh4,600. Aliye langoni bado anadaiwa Sh5,000 ya kodi, na maji, na gari la mtoto.

Katika uhasibu tunaita hizi gharama zisizobadilika na gharama zinazobadilika. Kwa lugha ya nyumbani: kodi hailali, nauli hulala. Siku ambayo hakuna mgeni, huliipi matatu. Lakini mwenye nyumba hajali kama jiwe limelowa.

Mwaka 2020 ulitufundisha jambo hili kwa ukali. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kuanzia mwisho wa Machi hadi Agosti mosi. Wageni walikatika ghafla. Waliojifunga kodi kubwa au mkopo wa ploti kwa kutegemea jabali peke yake waliumia kuliko waliokaa mahali ambapo kazi nyingine ilipatikana: shamba la maua, ujenzi, duka, bodaboda.

Tahadhari moja zaidi kuhusu bei. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, na Hell's Gate kuwa miongoni mwa sehemu ambako magari hushindana, vyumba vyote vya kando ya ziwa hupanda bei wiki ile. Akija mtu akuambie ploti fulani inaingiza kiasi fulani kwa usiku mmoja, muulize ni usiku wa mwezi gani. Wiki moja ya mbio haiwezi kulipa mkopo wa wiki 52.

Maji: yanayokuja na yasiyokuja

Sasa tuje ufukweni, tuzungumze kwa upole kwa sababu baadhi yenu mna vidonda.

Ziwa letu halina mto unaotoka juu ya ardhi. Likijazwa, linapanuka. Likikauka, linarudi nyuma mbali sana. Mwaka 2009 wakati wa ukame lilirudi nyuma kiasi kwamba watu waliona ardhi mpya tambarare, nyeusi, yenye rutuba, wakadhani ni zawadi. Baada ya hapo maji yalianza kurudi. Mwaka 2020 yaliingia Kihoto, watu wakatoka na magodoro kichwani, na mwaka 2025 yakawatoa wengine tena. Kamere nayo imeonja.

Wazee wanajua kwamba hili si geni. Tangu mwaka 1933 kuna makubaliano kati ya serikali na wenye mashamba ya kandokando kwamba ardhi inayoachwa wazi na ziwa inaweza kulimwa na kulishwa mifugo, lakini isijengwe majengo ya kudumu. Waliotutangulia walikuwa wameliona ziwa likienda na kurudi. Walijua kwamba ardhi ile ni ya kukopeshwa, na mwenyewe atakuja kuichukua.

Kwa hiyo mkiletewa ploti ya ufukweni kwa bei ya kutupa, msiulize maji yako wapi leo. Waulizeni wazee maji yalifika wapi yalipofika mbali kabisa. Tazameni miti iliyokufa ikiwa imesimama: hiyo ni alama ya ziwa. Na kumbukeni kiboko hutoka majini usiku kula nyasi, wala haulizi nani ana hati.

Upande wa juu una hatari yake. Udongo wetu ni majivu ya volkano, mwepesi, unaokatika kama keki. Maji yakipata mfereji mdogo, msimu mmoja unakuwa korongo. Machi mwaka 2018 ardhi ilipasuka upande wa Suswa hadi barabara ya Maai Mahiu kwenda Narok ikakatika. Aprili mwaka 2024 mafuriko ya usiku kule Maai Mahiu yalizoa nyumba na watu. Na ndani ya korongo la Hell's Gate lenyewe, mwaka 2012 na tena mwaka 2019, watu waliokuja kutembea walichukuliwa na maji ya ghafla. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, na pale walipokuwa hawakuiona ikija.

Tunalitaja hili kwa heshima, kwa sababu linahusu makao. Mwelekezi anayeishi na watu wa sehemu za juu, aliye na simu za majirani wanaoona mawingu ya milimani, anajua mapema kuliko anayelala chini karibu na lango bila jirani. Kukaa na jamii ni kifaa cha usalama, sawa na kamba na helmeti.

Halafu kuna maji ya kunywa. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi sana, watoto wanaoota meno huyapata ya kahawia, na kwa miaka mingi mifupa nayo huumia. Tunawajua ndugu zetu wanaofunika mdomo wakicheka. Kwa hiyo msinunue mahali kwa sababu kuna kisima. Nunueni kisima kikishapimwa maji maabara, na majibu yawe kwenye karatasi.

Mvua inaweza kutusaidia. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 600 kwa mwaka, linapokea lita 60,000. Tukikadiria kwamba sehemu moja ya tano inapotea, tunabaki na lita 48,000. Watu kumi wakitumia lita tano kila mmoja kwa siku kwa kunywa na kupika, kwa mwaka ni lita 18,250. Maana yake ni kwamba paa zuri na tangi kubwa vinatosha kuwapa watu kumi maji salama ya kunywa na kupika mwaka mzima, na ya kisima yakabaki ya kufulia na kuosha. Ndiyo maana kwenye mchoro wetu tangi limetangulia jiko.

Karatasi kabla ya pesa

Eneo letu lina historia ndefu ya makampuni ya kununua ardhi, vyeti vya hisa, na mashamba yaliyokatwa bila mpima. Mtu ana cheti cha hisa, mwingine ana barua ya mgao, wa tatu ana hati miliki, na wote wanaonyesha ploti moja. Hatutataja mtu wala kampuni. Tunasema tu utaratibu ambao kamati yenu itaufuata, na ambao kila mwanachama anaweza kuutumia.

Kwanza, utafutaji rasmi kwenye ofisi ya ardhi, utakaoonyesha jina la mwenye mali, ukubwa, na kama kuna mkopo au zuio. Pili, mpima aende shambani aonyeshe vigingi kwa macho yetu. Tatu, kama mwenye mali ana mwenzi, idhini ya mwenzi iwe kwa maandishi. Nne, kama ni ardhi ya kilimo, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu kuandikiana, la sivyo mapatano yanakuwa batili. Tano, pesa zipite benki, kupitia wakili, na risiti ije kwa jina la chama.

Wekeni pia akiba ya ushuru wa stempu. Ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani. Ploti ya Sh800,000 inadai Sh32,000 au Sh16,000 kulingana na ilipo. Wengi husahau, kisha wanabaki na makubaliano ambayo hayajawa hati.

Na ninyi mnaotaka kujenga vyumba vya kupangisha, fahamuni kwamba tangu Januari 2024 kodi ya mapato ya nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 ya kodi yote mnayokusanya, kwa anayepata kati ya Sh288,000 na Sh15,000,000 kwa mwaka. Inalipwa kila mwezi, na hairuhusu kutoa gharama. Iingizeni kwenye hesabu kabla ya kununua saruji.

Wenzetu wa kisiwa cha Kalymnos

Mwanachama mmoja alituuliza: kuna mahali popote duniani ambapo kijiji kilinufaika na miamba? Pako. Kalymnos ni kisiwa cha Ugiriki kilichoishi kwa kupiga mbizi kutafuta sponji baharini. Kazi hiyo ilipofifia, vijana wakahama. Katikati ya miaka ya 1990 mpandaji miamba wa Italia, Andrea Di Bari, alifika akiwa likizoni, akaona kuta za mawe juu ya vijiji. Leo wapandaji wanafika kutoka nchi nyingi, hasa majira ya kuchipua na ya kupukutika, na wengi hupanga vyumba katika kijiji cha Masouri.

Kilichotuvutia ni mpangilio wake. Mgeni analala kijijini, kwenye vyumba vya wenyeji, kisha anatembea hadi mwambani. Anakula kwenye hoteli ya mwenyeji, ananunua mkate kwa mwenyeji. Kama wageni wangelala chini ya mwamba, kijiji kingepata vumbi tu.

Hifadhi yetu ni ya serikali na ni ya wanyama. Pundamilia, twiga na nyati wanapita, tai wanajenga viota kwenye majabali, pimbi wanaota jua juu ya mawe. Kukaa ukutani kwa hifadhi kunawabana wanyama, na wanyama wanakubana wewe usiku. Jiwe lenyewe si letu kuliuza. Kilicho chetu ni kitanda, sahani ya ugali na samaki, na kijana anayejua njia.

Tunachopendekeza

Bwana Mwenyekiti, baada ya hayo yote, kamati yenu inapendekeza hivi.

Makao ya waelekezi yasijengwe langoni wala ufukweni. Yajengwe upande wa juu wa barabara, kwenye eneo lenye makazi ya watu, shule na zahanati jirani, kando ya njia ya matatu, mbali na korongo lolote na juu kabisa ya alama ya ziwa. Nyumba iwe na sehemu mbili. Sehemu moja ni ya vijana wetu, kwa kodi nafuu. Nyingine ni ya wageni wa miamba siku za wikendi na likizo, na siku ambazo hakuna mgeni ipangishwe kwa walimu, wauguzi na wafanyakazi wa muda. Nyumba yenye mguu mmoja ikiteleza inaanguka. Hii itakuwa na miwili.

Karibu na lango tupange stoo moja ndogo tu, ya kamba, helmeti, mishipi ya kupandia na baiskeli. Vifaa vikae karibu na jiwe, watu wakae karibu na watu.

Vijana wetu mnaweza kusikitika kwamba hamtaamka mkiona jabali dirishani. Tunawaelewa. Lakini kazi ya kupanda ina umri wake. Goti likichoka mkiwa na miaka 45, tunataka muwe mna jirani, mtoto aliyemaliza shule, na mahali ambapo mke au mume ana biashara yake. Mwenzenu aliyeoa juzi aliiambia kamati kwamba mke wake hakuuliza jiwe liko wapi. Aliuliza maji yako wapi, na shule iko wapi. Huyo mama angetufaa sana kwenye kamati hii.

Na kwa ninyi mlio mbali mnaoletewa picha za ploti: leteni karatasi hizo kwenye kamati kabla ya kutuma hata shilingi. Hatutozi kitu. Tutakwenda ofisi ya ardhi, tutamchukua mpima, tutawaambia ukweli hata kama hautapendeza. Pesa ya mtu aliye kwenye baridi au jua la ugenini ina jasho ndani yake. Isije ikalala chini ya ziwa.

Ombi letu

Sasa tumefika kwenye mikoba. Mchango wa leo utagawanywa kwenye mafungu matatu: ununuzi wa ardhi pamoja na gharama zote za karatasi tulizozitaja, msingi, paa na tangi la maji, na vifaa vya usalama vya waelekezi. Kila fungu litakuwa na kitabu chake, na pesa za fungu moja hazitahamia jingine bila idhini ya mkutano. Hesabu zilizokaguliwa zitachapishwa kwenye kijitabu cha mwaka ujao, ukurasa mzima, pamoja na majina ya wote waliochanga na wasiotaka kutajwa tukiandika "msamaria".

Hatutanunua ardhi yoyote leo kwa furaha ya harambee. Kama utafutaji ukionyesha kasoro, pesa zitabaki benki hadi tupate mahali safi, na mtaarifiwa. Afadhali muulize mwaka ujao kwa nini hatujaanza, kuliko muulize tulijengaje majini.

Asiye na pesa atoe siku ya kazi: tuna mafundi wa mawe, mafundi bomba na madereva wa malori miongoni mwetu, na tumeweka daftari kwa ajili yenu pale mlangoni. Aliye na mti wa kivuli kwenye kitalu chake atuletee miche. Na mzee anayekumbuka maji yalifika wapi siku za utoto wake, tunamwomba aandamane na mpima, atuonyeshe kwa bakora yake. Alama hiyo haimo kwenye ramani yoyote tuliyo nayo.

Jabali limekuwapo kabla yetu na litakuwapo baada yetu. Wageni watakuja, watapanda, watashuka, watarudi kwao. Sisi ndio tutakaobaki. Basi tuchague vizuri mahali pa kubaki.